Jinsi ya kuomba marejesho ya kodi ya majengo au ya pango huko Pennsylvania kupitia ofisi ya mwakilishi wa jimbo

Wazee wetu wahamiaji wanaoishi katika kaunti za mashambani za Pennsylvania, Marekani, hupokea mara kwa mara barua pepe au kipeperushi kutoka kwa mwakilishi wao katika Bunge la jimbo, na wengi huvitupa bila kuvisoma wakidhani ni mambo ya kampeni. Hiyo ni hasara kubwa. Katikati ya habari za madaraja yanayotengenezwa, leseni za uwindaji na harambee za zimamoto, mara nyingi huwamo mistari michache kuhusu fedha ambazo mzee, mjane au mtu mwenye ulemavu anastahili kurudishiwa, pamoja na siku na mahali ambapo watumishi wa mwakilishi huyo watakaa kuwajazia watu fomu bila malipo.

Fedha hizo ni marejesho ya kodi ya majengo kwa mwenye nyumba, au ya pango kwa mpangaji. Mpango huu umekuwapo tangu mwaka 1971, na hugharimiwa na mapato ya bahati nasibu ya jimbo na ya michezo ya kamari iliyoruhusiwa kisheria. Nimekutana na wazee wa dini waliosita kwa sababu ya chanzo hicho. Hilo ni la dhamiri ya kila mmoja, na sitamshinikiza mtu. Lakini anayekaa kimya kwa kudhani kwamba hii ni sadaka, au kwamba itamwonyesha kuwa ombaomba mbele ya serikali, namwomba aondoe wasiwasi huo: sheria imempa haki ya kudai, sawasawa na jirani yake aliyezaliwa hapo.

Kwanza jiulize kama unahusika. Anayeweza kuomba ni mkazi wa Pennsylvania mwenye umri wa miaka 65 au zaidi, au ambaye mwenzi wake amefikia umri huo. Mjane au mgane mwenye miaka 50 au zaidi. Au mtu mwenye ulemavu wa kudumu aliyetimiza miaka 18. Kisha linakuja suala la kipato. Tarehe 4 Agosti 2023 Gavana Josh Shapiro alitia saini sheria iliyopandisha kikomo cha kipato hadi dola 45,000 kwa mwaka, wakati hapo awali kilikuwa dola 35,000 kwa mwenye nyumba na dola 15,000 tu kwa mpangaji. Kikomo hicho sasa hupandishwa kila mwaka kulingana na gharama za maisha. Kwa hiyo mpangaji aliyekataliwa miaka ya nyuma asijihesabu kuwa amekataliwa daima.

Kuna jambo moja ambalo watu wengi hulikosea. Katika kupiga hesabu ya kipato, nusu ya malipo ya Social Security, yaani mafao ya taifa ya uzeeni na ya ulemavu, haihesabiwi, na vivyo hivyo kwa SSI, msaada wa taifa kwa wazee na wenye ulemavu wenye kipato kidogo. Tuchukue mzee ambaye kwa mwaka mzima alipata dola 14,000 za Social Security na hana kipato kingine. Kwa mpango huu anahesabiwa kuwa na dola 7,000. Kwa madai ya mwaka 2023, aliyekuwa na kipato kisichozidi dola 8,000 aliweza kupata hadi dola 1,000. Hadi 15,000, dola 770. Hadi 18,000, dola 460. Na kutoka hapo hadi 45,000, dola 380. Mpangaji hurudishiwa asilimia 20 ya pango alilolipa, bila kuvuka kiwango cha kundi lake. Mzee wetu akiwa analipa dola 500 kwa mwezi, pango la mwaka ni dola 6,000, asilimia 20 yake ni 1,200, naye atapata 1,000. Lakini kama anaishi katika nyumba yenye ruzuku na kinachotoka mfukoni mwake ni dola 150 tu kwa mwezi, hesabu itafanywa juu ya dola 1,800 na atapata 360. Sehemu inayolipwa na serikali isiandikwe kamwe kana kwamba ameilipa yeye. Pia mpangaji hapati marejesho kwa miezi ambayo alipokea msaada wa fedha taslimu kutoka idara ya ustawi ya jimbo.

Hatua inayofuata ni kumjua mwakilishi wako. Baraza la Wawakilishi la Pennsylvania lina wajumbe 203, na Seneti ina 50. Tovuti ya Bunge la jimbo, palegis.us, hukuonyesha wako ukiandika anwani ya nyumba yako. Tafadhali usimchanganye na mbunge wa Congress aliyeko Washington. Waliotoka Kongo watalielewa hili upesi, kwa kuwa nako mbunge wa jimbo si mbunge wa taifa. Masuala ya uhamiaji na ya Social Security yenyewe hupelekwa kwa yule wa Washington. Marejesho haya, leseni ya udereva na vyeti vya kuzaliwa vya jimbo hupelekwa kwa huyu wa karibu. Huhitaji kuwa ulimpigia kura wala kuwa wa chama chake.

Piga simu ofisini kwake kabla ya kwenda. Wilaya za mashambani ni kubwa, na ofisi ya kudumu inaweza kuwa mbali na kwako, ndiyo maana wawakilishi wengi huwatuma watumishi wao kukaa saa chache katika maktaba, jengo la zimamoto au ofisi ya mji mdogo, na ratiba hiyo hutangazwa katika zile taarifa tunazozitupa. Ukiwa hujui Kiingereza vizuri, nenda na mtu mzima unayemwamini. Mtoto wa shule asipewe kazi ya kutafsiri kipato na ugonjwa wa babu yake.

Sasa nyaraka, na hapa ndipo safari nyingi huharibika. Nilikaa na bibi mmoja mezani katika jengo la zimamoto alipofungua mfuko wake wa nailoni na kutoa risiti kumi na mbili za pango, zimefungwa kwa uzi uliochanwa kwenye ukingo wa kitenge, zikiwa zimepangwa kuanzia Januari hadi Desemba bila hata mwezi mmoja kukosekana. Karani alizisifu, kisha akauliza cheti cha pango, yaani fomu ya PA-1000 RC, ambayo hujazwa na kutiwa saini na mwenye nyumba anayempangisha. Hakuwa nacho. Ilibidi arudi baada ya wiki mbili.

Basi tafuta cheti hicho kwanza. Humo mwenye nyumba huthibitisha pango ulilolipa na kwamba jengo lake hulipiwa kodi ya majengo au malipo yaliyokubaliwa badala ya kodi; bila hilo, mpangaji hastahili. Akikataa kutia saini, kuna sehemu ya kiapo unayoijaza mwenyewe mbele ya notari, yaani ofisa anayeshuhudia viapo na saini. Mwenye nyumba yake mwenyewe atabeba hati za kodi ya majengo zinazoonyesha kwamba zimelipwa. Wote walete uthibitisho wa kipato cha mwaka uliopita: anayepokea Social Security hutumiwa fomu ya SSA-1099 kila Januari, lakini anayepokea SSI hatumiwi fomu hiyo, hivyo aombe mapema barua ya uthibitisho wa malipo yake. Anayeomba kwa mara ya kwanza aongeze nakala inayoonyesha umri, kama vile kitambulisho cha jimbo, pasipoti au karatasi ya uhamiaji yenye tarehe ya kuzaliwa. Mjane alete cheti cha kifo cha mwenzi wake. Toa nakala tu, usitoe hati halisi. Na kama jina lako limeandikwa kwa mpangilio tofauti kwenye kadi ya Social Security na kwenye mkataba wa pango, jambo linalowapata Wakongo wengi, mwambie karani kabla hajaanza kuandika.

Fomu yenyewe ni PA-1000. Inaweza kutumwa kwa posta au kujazwa kwenye mypath.pa.gov bila kufungua akaunti, na mimi napendelea njia ya pili, kwa kuwa mfumo wenyewe hufanya hesabu. Chagua fedha ziingie benki moja kwa moja, na soma namba za akaunti mara mbili kwa sauti. Kuomba ni bure. Yeyote anayekutoza au kutaka sehemu ya marejesho yako, ondoka mbele yake.

Siku ya mwisho kisheria ni 30 Juni, ingawa mara nyingi husogezwa hadi 31 Desemba. Malipo huanza kutolewa Julai, na Idara ya Mapato ya jimbo ina ukurasa wa kufuatilia dai lako. Ikipita miezi bila jibu, mpigie karani yuleyule aliyekujazia, kwa maana ofisi ya mwakilishi inaweza kuuliza idarani kwa niaba yako. Ombi hurudiwa kila mwaka, kwa hiyo risiti ya Januari ijayo ikifika, itie kwenye bahasha moja na nakala za mwaka huu.