Somo: Mwendo wa maji kwanza, skima baadaye

Wengi wanaoanza tangi la samaki la maji chumvi hapa Nairobi hununua skima kubwa (kifaa kinachotumia viputo vya hewa kutoa uchafu majini), kisha wanashangaa mbona mchanga unabaki mchafu na alfajiri samaki wanapanda juu kutafuta hewa. Skima huondoa uchafu unaoifikia tu. Ule uliotulia nyuma ya miamba haiupati, hata iwe ya bei gani. Kwa hiyo tuanze na maji yenyewe. Mfano wetu ni tangi la lita 200 lenye sampu chini yake, yaani tangi dogo la pili ambamo vifaa hukaa na maji hurudishwa juu kwa pampu.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya pampu

Matumbawe laini yanataka mwendo wa mara 10 hadi 20 ya ujazo wa tangi kila saa, yaani lita 2,000 hadi 4,000. Yale magumu yenye polipu ndogo (vile vijidomo vyenye mikono vya tumbawe) yanataka mara 30 au zaidi. Pampu inayorudisha maji kutoka kwenye sampu usiitwike mzigo huu. Mara 3 hadi 5 inatosha. Kazi kubwa ifanywe na pampu za mawimbi ndani ya tangi.

Soma kibandiko kabla ya kulipa. Umeme wetu ni volti 240, Hz 50 (yaani mizunguko 50 kwa sekunde). Pampu ya AC (ya umeme wa ukutani moja kwa moja) iliyotengenezewa soko la Marekani ni ya volti 120, Hz 60. Transfoma itashusha volti, lakini Hz zitabaki 50, na pampu itazunguka polepole kwa takriban moja ya sita.

Hatua ya 2: Zielekeze

Weka pampu mbili pande tofauti, mikondo yake igongane katikati. Usielekeze pampu yoyote moja kwa moja kwenye tumbawe, maana mkondo mkali huchuna nyama yake. Kisha rusha chengachenga kidogo za chakula uone zinakotulia. Zinapotulia ndipo uchafu utakaporundikana, basi geuza pampu kidogo ujaribu tena.

Pampu moja lazima itikise uso wa maji, na hapa nasisitiza. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo (mgandamizo) ya hewa ni ndogo, hivyo maji yetu hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko maji ya joto na chumvi ileile kule Mombasa. Usiku mambo huzidi: taa zikizimwa, mwani huacha kutoa oksijeni na kila kiumbe tangini kinaivuta. Kama pampu yako ina mpangilio wa kupunguza kasi usiku, uzime. Uso wa maji utikisike hadi asubuhi.

Hatua ya 3: Funga skima

Protini na baadhi ya mafuta yana upande unaopenda maji na upande unaoyakimbia, ndiyo maana hung'ang'ania ngozi ya kiputo cha hewa. Viputo hupanda, povu hukolea kwenye shingo ya skima, uchafu humwagikia kwenye kikombe kilicho juu yake. Kwenye maji chumvi viputo hubaki vidogo bila kuungana. Kwenye maji yasiyo na chumvi huungana upesi, ndiyo sababu skima haifai kule.

Iweke kwenye chumba cha sampu ambacho kina cha maji yake hakibadiliki, kwa kina alichoelekeza mtengenezaji. Maji yanayopotea kwa mvuke yajazie kila siku, tena kwa maji yasiyo na chumvi.

Hatua ya 4: Subiri

Skima mpya husumbua wiki moja au mbili. Usikimbilie vali ya kurekebisha povu kila saa. Baadaye rekebisha povu lipasukie pale shingo inapokutana na kikombe. Maji ya kikombeni yakiwa kama chai ya rangi iliyokolea, umepatia. Pangusa shingo kila baada ya siku chache, kwani utando wa mafuta huua povu.

Maswali ya wanachama wetu, kila mmoja kwa mahali anapoishi

*South B: Mwalimu, stima ikipotea usiku kucha nifanye nini?*

Okoa oksijeni kwanza. Weka pampu ya hewa ya betri. Skima inaweza kungoja. Stima ikirudi, washa pampu ya kurudisha maji kwanza, usubiri sampu ishuke, ndipo uwashe skima. Ukiiwasha sampu ikiwa imejaa, kikombe kitafurika.

*Rongai: Kikombe kinajaa maji meusi lakini naitreti (kemikali inayobaki uchafu ukioza) bado ni mg 40 kwa lita. Skima ni mbovu?*

Hapana, ndugu yangu. Skima huchukua protini kabla haijaoza. Naitreti iliyokwisha kutengenezwa haishiki kiputo. Punguza chakula, chakula cha barafu kiyeyushe na umwage maji yake, kisha ongeza kubadilisha maji.

*Ruaka: Povu limekatika ghafla baada ya kupanga miamba.*

Mafuta ya ngozi, hasa kama ulijipaka losheni. Usiguse vali, litarudi baada ya saa kadhaa. Siku nyingine osha mikono hadi kiwiko na uisuuze vizuri, sabuni isibaki.

*Embakasi: Nina tangi la lita 60, halina sampu. Ninunue skima ya kuning'iniza?*

Kwa samaki wawili wadogo, sikushauri. Badilisha lita 6 hadi 9 kila wiki, na pesa hizo nunua pampu ya pili ya mawimbi.