Kumaliza kupandikiza bila kuvutwa na vijikazi vya bustani

Umetoka nje ili upandikize nyanya, macho yakaangukia magugu, ukainama kung'oa. Ukija kuinuka, miche imeshanyauka. Mizizi iliyotolewa kwenye udongo hukauka ndani ya dakika chache juani, kwa hiyo kazi yenye mizizi wazi ndiyo ya kwanza. Palizi inaweza kungoja kesho.

Chagua kazi moja tangu jana yake. Weka vifaa vyote kwenye ndoo moja: koleo dogo la mkono, mkasi wa kupogolea, kamba, vijiti, glavu, daftari na kalamu. Ndoo ni muhimu kuliko inavyoonekana, maana watu wengi hupotea njiani wakifuata kamba iliyosahaulika.

Mwagilia miche saa moja kabla, kisha subiri jua lipungue. Chimba mashimo yote kwanza, sentimita 45 hadi 60 kati ya moja na jingine. Toa mche mmoja tu kwa wakati, ufukie, ushindilie kwa vidole, umwagie maji nusu lita papo hapo. Hapo hata ukiitwa ghafla, hakuna mche unaobaki nje.

Kijikazi kikijitokeza, kiandike, usikiguse. Ruhusu mambo mawili tu: bomba linalovuja, na gugu linalokaribia kumwaga mbegu. Hilo la pili likate kichwa, ukitie mfukoni, urudi kwenye shimo lako. Ulivyoviandika daftarini virudie mche wa mwisho ukishapata maji.