Zoezi la kwanza la mkono wa roboti: pima ncha kabla ya kuandika programu

Wanafunzi wa uhandisi wakiingia karakana ya roboti hutaka kuandika programu siku hiyo hiyo. Mimi huwazuia. Zoezi letu ni kuokota kipande mahali A na kukiweka mahali B kwa mkono wa viungo sita, na karibu nusu ya muda huishia hatua ya 2.

1. Weka roboti kwenye hali ya kuendeshwa kwa mkono. Kiwango cha ISO 10218, yaani kanuni za kimataifa za usalama wa roboti za viwandani, kinataka kasi isizidi milimita 250 kwa sekunde hapo. Shika kidhibiti cha mkononi, ujaribu swichi yake ya ruhusa. Ukiiachia, roboti inasimama. Ukiibana hadi mwisho, inasimama vilevile, maana mtu akishtuka huachia au hukaza mkono. Jaribu pia kitufe cha dharura.

2. Pima ncha ya kifaa. Funga pini kali mezani isitikisike, kishikio nacho, yaani kifaa kilicho mwishoni mwa mkono cha kushikia kipande, kibane pini ya pili. Gusanisha ncha hizo mbili kwa mikao minne tofauti, ukihifadhi kila mmoja. Mikao itofautiane sana. Ikikaribiana, hesabu ya roboti ya mahali ncha ilipo hutoka na kosa kubwa. Sasa zungusha kifaa juu ya pini. Ncha ikitangatanga, rudia, hata mara ya tano. Kosa hili hujificha: kipande kisipogeuzwa, kila kitu huonekana sawa. Siku utakayokigeuza nyuzi 90, kitatua pembeni, nawe utapoteza saa nzima ukiilaumu programu.

3. Hifadhi nafasi A na B, na nyingine mbili, kila moja milimita 100 juu ya mwenzake. Kushuka na kupanda, tumia mwendo mnyoofu. Safari ya katikati, mwendo wa viungo, ambapo kila kiungo huzunguka tu hadi pembe yake ya mwisho. Huo wa pili hupinda njiani, kwa hiyo hakikisha hakuna kizuizi. Kiungo cha 5 kikikaribia nyuzi 0, cha 4 na cha 6 hulala mstari mmoja, na mwendo mnyoofu huvidai kasi visivyoiweza. Roboti ikikwama hapo, badilisha mkao.

4. Baada ya kishikio kufunga, subiri ishara ya sensa, yaani kitambuzi kinachoonyesha kuwa kipande kimeshikwa, si sekunde za kukisia.

5. Endesha programu mstari mmoja mmoja, kisha kwa asilimia 10 ya kasi. Hali ya kujiendesha yenyewe ni baada ya wote kutoka nje ya uzio.

6. Mwisho, ondoa kipande pale A, uanzishe tena. Roboti isimame ikisubiri sensa. Ikienda hadi B mikono mitupu, rudi hatua ya 4.