Kabla ya kupasuliwa taya, ziandae zile wiki sita

Anayekwenda kurekebishwa taya huwaza sana siku yenyewe ya upasuaji. Mimi ningemwomba awaze zaidi wiki sita zinazofuata. Baada ya miezi sita au mwaka, wagonjwa wengi husema wanatafuna vizuri na hawaukimbii tena uso wao kwenye picha. Lakini wiki za mwanzo hali huwa duni kuliko ilivyokuwa kabla, na ambaye hakuambiwa hudhani mambo yameharibika.

Kwanza kuna vyuma vya meno, mara nyingi mwaka mzima au zaidi kabla ya upasuaji. Kipindi hicho meno yanaweza kuonekana yamepishana kuliko mwanzo. Usikate tamaa: yanapangwa ili yakutane taya zitakaposogezwa.

Kabla ya kutia saini, zungumza na daktari kuhusu ganzi inayoweza kubaki mdomoni baada ya upasuaji. Njia inayotumika sana kwa taya ya chini, aliyoieleza daktari mpasuaji Hugo Obwegeser miaka ya 1950, hupasua mfupa jirani kabisa na neva inayoleta hisia kwenye mdomo wa chini na kidevu. Kwa wengi ganzi hupungua polepole kwa miezi. Kwa wengine sehemu yake hubaki. Jiulize kwa dhati kama utaweza kuishi nayo, hasa ikiwa kazi yako ni kufundisha, kuuza au kuongea na simu kutwa. Mdomo uliokufa ganzi unaweza kutamka p, b na m kwa taabu.

Kisha jiko, ambako naona watu wengi hawajiandai vya kutosha. Mfupa, hata ukifungwa kwa vibamba vya madini ya titaniamu, unahitaji kama wiki sita kuunga, na muda huo hakuna chapati wala nyama choma. Jaribuni mapema nyumbani: mtori uliosagwa ukachujwa, uji mwepesi wenye maziwa, supu ya samaki isiyo na mwiba hata mmoja, parachichi lililolainishwa. Kula kidogo kidogo, mara nyingi. Jipime uzito kabla, kwa sababu kukonda ni kawaida na daktari atataka kujua umepungua kilo ngapi. Nunua mswaki laini wa mtoto. Anayevuta sigara aache mapema; moshi huchelewesha kidonda kupona.

Waambie watu wa nyumbani kwamba uvimbe huzidi siku ya pili na ya tatu. Watoto waambiwe kabla, wasije wakamwogopa mama yao mlangoni. Huzuni na machozi ya wiki za mwanzo huwapata wengi, hata waliousubiri upasuaji huu kwa miaka. Zikikaa sana, daktari aambiwe hilo pia.

Na ukifungwa vimpira vya kushikilia taya, omba ufundishwe wewe na anayekuuguza jinsi ya kuvikata ukitapika. Mkasi mdogo ulale kando ya mto wako, usiku na mchana.