SOMO: Nyuki wanajengaje, na kwanini kiunzi kipimwe kwa rula

Habarini wafugaji wenzangu wa Lindi na Mtwara. Leo naongelea upana wa viunzi, yaani vile vipande vya mbao vya juu ya mzinga ambako nyuki wananing'iniza masega, maana mizinga mingi ya mbao naona inachongwa kwa kukadiria macho afu watu wanalalamika nyuki wamejenga hovyo, nyuki hawajengi hovyo wana vipimo vyao.

Wakiingia kwenye pango la mbuyu wanashikana miguu wananing'inia, nta inawatoka chini ya tumbo vipande vidogo vyembamba vyeupe, wanatafuna wanabandika darini na kushuka nayo. Asali inakaa juu, chavua inafuata, majana (watoto wa nyuki) chini. Kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya jingine nyuki wetu wa Afrika wanaacha kama milimita 32, wa Ulaya 35. Na njia ya kupita ni milimita 6 hadi 9, pengo likiwa dogo zaidi wanaliziba kwa gundi, likiwa kubwa wanajaza sega. Langstroth, mfugaji nyuki wa Marekani, alilishika hilo mwaka 1851 ndo ukatoka mzinga wa fremu za mbao zinazotolewa.

Sasa hatua

1. Kiunzi kiwe milimita 32, wengine wanaweka 33 sio mbaya. Nenda na rula kwa fundi, pima kila kimoja kabla hujalipa, kwa sababu ukikosea kidogo kidogo hadi kiunzi cha kumi sega limeshahamia kwa jirani yake.

2. Vipange vibanane kabisa.

3. Chini ya kiunzi, katikati, pitisha mstari wa nta safi iliyoyeyushwa. Hapo ndo wataanzia.

4. Tundika kwa waya, mzinga usilale upande hata kidogo maana sega linashuka wima. Waya paka grisi, siafu wa huku mnawajua.

5. Kagua mapema wakianza tu kujenga, iwe jioni, na bomba la moshi la kuwatuliza nyuki. Sega likipinda likiwa bado changa na laini unalirudisha kwa vidole taratibu. Ukilinyanyua usililaze ubapa, linakatika.

MASWALI

Liwale: Nina mzinga wa gogo una nyuki, naweza kuwahamishia kwenye viunzi?
Jibu: Ndio mkuu. Kata masega ya majana, yafunge kwenye viunzi kwa kamba, ila juu ibaki juu, vitundu vya sega vimeinuka kidogo kwenda juu ili asali isimwagike.

Newala: Kipindi cha kupulizia mikorosho tunafanyaje?
Jibu: Weka mizinga mbali na shamba linalopuliziwa na uongee na majirani mapema, dawa za wadudu wapulizie jioni nyuki wakisharudi. Hili naomba tulisimamie kweli, dawa ya mchana kwenye maua inaua nyuki wengi.

Kilwa: Dada, nimeona kitu kama ganda la karanga kinaning'inia pembeni ya sega, nikikate?
Jibu: Usikate kaka, humo analelewa malkia mpya. Angalia kama mzinga umejaa, ukiwa umejaa wanajiandaa kugawanyika, andaa mzinga mwingine mtupu karibu na upake nta.