SOMO: Madoa meupe kwa samaki wa maji chumvi, usishangilie yakipotea

Wadau, hili somo nimeahidi kitambo. Naongelea kile kimelea kinaitwa Cryptocaryon irritans, sio ule wa maji baridi (yaani maji yasiyo na chumvi), ule ni mdudu mwingine kabisa japo madoa yanafanana, kwahiyo dawa ya kule usiihamishie huku kichwa kichwa.

Kabla ya hatua elewa kitu kimoja, maana bila hicho utapoteza hela tu. Doa unaloliona ni mdudu aliyejichimbia chini ya ngozi anakula, anakaa humo siku 3 mpaka 7 hivi. Akishiba anatoka, anashuka chini, anajigandisha kwenye sakafu au wavu na kujifunika ganda, humo ndani anajigawa mpaka anatoa watoto hata 200. Ganda lingine linapasuka baada ya siku 3, lingine linasubiri mpaka siku 28. Watoto wakitoka, mara nyingi usiku gizani, wana kama siku moja au mbili tu wapate samaki la sivyo wanakufa. Sasa piga hesabu: siku ya tano samaki kawa msafi, we unasema kapona, kumbe wadudu wameshuka kuzaa. Mimi nilishangilia hivyo hivyo nikaacha dawa, wiki iliyofuata nilikuwa naokota chewa asubuhi na ndoo.

Hatua ya 1: Hakikisha ndio wenyewe. Samaki wanajikwaruza ukutani, wanaacha kula, wanahema haraka na kujazana penye hewa, macho yanaingia ukungu. Kwangua ute kidogo wa ngozi, na ukate kipande cha tamvua kwa samaki aliyetoka kufa, weka kwenye darubini. Utaona kitu cha mviringo, cheusi cheusi, kinajizungusha taratibu. Usiruke matamvua, kuna samaki wanakufa bila doa hata moja mwilini.

Hatua ya 2: Ongeza hewa, punguza chakula, toa waliokufa haraka. Nyavu na ndoo za tenki hilo zisiguse tenki lingine mpaka zioshwe na zikauke kabisa.

Hatua ya 3: Chagua njia moja.

Kuhamisha tenki ndio naipenda mimi, haina kemikali. Kila baada ya siku 3 unahamishia samaki tenki safi kavu lenye maji mapya, mara nne mfululizo, la zamani unalisugua na kuliacha likauke. Wadudu wanaodondoka wanabaki nyuma kabla hawajazaa. Kazi ngumu kweli, mgongo utauma.

Kushusha chumvi: kutoka sehemu 35 kwa elfu shuka taratibu kwa siku kadhaa mpaka 15 kwa elfu au chini kidogo, kaa hapo wiki 3 mpaka 4, pima kila siku kwa rifraktomita (kifaa cha kupimia chumvi), ikipanda hata kidogo umewapa wadudu nafasi ya kupumua. Uliza kwanza kama aina ya samaki wako wanahimili. Kupandisha nako polepole.

Dawa ya shaba inayoyeyushwa kwenye maji: kiwango ni 0.15 mpaka 0.20 mg kwa lita, kwa wiki 3, unapima asubuhi na jioni. Chini ya hapo haifanyi kitu, juu yake unaua samaki mwenyewe. Mawe ya chokaa na matumbawe yanainyonya, na kamba au konokono wakiwemo ndio kwaheri. Na kama ni samaki wa kuuza kwa chakula usiweke bila daktari wa mifugo.

MASWALI

Swali: Mkuu nikiwachovya kwenye maji baridi dakika tano si wadudu watapasuka?
Jibu: Walio nje labda, ila huyu yuko chini ya ngozi, kajikinga. Unamchosha samaki bure.

Swali: Mimi nafuga kwenye vizimba baharini, tenki la kuhamishia natoa wapi jamani?
Jibu: Hapo kweli pagumu dada. Punguza msongamano, sogeza kizimba penye kina na mkondo ili wadudu wanaodondoka wasipate sakafu karibu, na badilisha nyavu mara kwa mara maana maganda yanashika humo humo. Dawa baharini inaondoka na maji.

Swali: Tenki lililobaki tupu nitalirudishia samaki lini?
Jibu: Kama huwezi kulikausha, liache bila samaki hata mmoja wiki 6. Ukiweka hata kasamaki kamoja kadogo ka kujaribia, anza kuhesabu upya.

Swali: Waliopona wanaugua tena?
Jibu: Wanapata kinga kwa miezi kadhaa, lakini sio kamili, anaweza kubeba wadudu wachache bila wewe kuona. Ndio maana samaki wageni wangu wote nawatenga kwanza, hata wakija wanang'aa.