SOMO: Jinsi ya kuwafanyia watoto wadogo majaribio ya sayansi wakaipenda (kwa wanafunzi wa sekondari na vyuo)

Wakuu habari. Kila mara kuna mtu ananifuata inbox, "tunataka kwenda kufanya sayansi na watoto wa shule ya msingi, tuanzie wapi", najibu yale yale, sasa naandika hapa mara moja, mwenzako akiuliza mpe huu uzi.

Hatua ya 1. Ombeni ruhusa kwa mwalimu wao, na siku yenyewe awepo darasani mwanzo mpaka mwisho.

Hatua ya 2. Chagueni jaribio moja. Moja tu. Napendekeza la mshumaa: sahani yenye maji kidogo yaliyotiwa rangi, mshumaa mfupi umesimama katikati, glasi, kiberiti.

Hatua ya 3. Lijaribu kwanza nyumbani kwa vifaa vile vile utakavyoenda navyo.

Hatua ya 4. Vikundi vya watoto wanne watano, kila kikundi na sahani yake na mkubwa mmoja. Kiberiti anashika mkubwa. Nywele ndefu na mitandio ifungwe nyuma.

Hatua ya 5. Waache wakisie kabla hujawasha. Hapa ndipo wengi wanaharibu na sisi tuliharibu hapa hapa. Ukisimama mbele ya watoto unatamani waone unavyojua, unaanza kumwaga oksijeni, kanieneo, sijui nini, wanaitikia "ndiyooo" na hakuna aliyefikiri chochote. Uliza tu: nikifunika mshumaa kwa glasi, moto utafanyaje? Na maji je? Kila mtoto aseme au achore anachodhani. Mtoto akishakisia ana chake pale mezani, anataka kujua kama kapatia, huna haja tena ya kumwambia atulie. Aliyekosea asichekwe, na usimsahihishe, funika glasi halafu nyamaza. Nyamaza kweli. Moto unafifia, unazima, maji yanapanda ndani ya glasi, hapo watasema wenyewe mpaka uchoke.

TAHADHARI: msiwape lile jibu la "maji yamepanda kuziba nafasi ya oksijeni iliyoisha". Limezagaa kila mahali na si sahihi. Sisi tulilitoa kwa kujiamini kabisa, katoto kamoja ka kike kakauliza, "mbona yamepanda sana moto ukiwa umeshazima?" Kalikuwa kameangalia kuliko sisi. Moto hupasha hewa, hewa inatanuka, nyingine inatoroka (ukiangalia ukingo wa glasi unaweza kuona mapovu). Moto ukizima, hewa iliyobaki inapoa na kusinyaa, ya nje inaizidi nguvu na kusukuma maji yaingie. Oksijeni wala haiishi yote, mshumaa unazima ikiwa bado imebaki nyingi tu.

Hatua ya 6. Maelezo yaje mwisho, sentensi mbili tatu, halafu wao ndio wakueleze wewe.

MASWALI

Chapchap: Mkuu vifaa ni vipi? Hujataja.

Mtoa somo: Hatua ya 2.

Chapchap: Sawa. Je tukitumia spiriti badala ya mshumaa ili moto uwe mkubwa wafurahi zaidi?

Mtoa somo: Hapana, na naomba usijaribu. Mvuke wa spiriti hauuoni, unasambaa mezani, na ukiongeza spiriti kwenye moto unaodhani umezima moto unarudi mpaka kwenye chupa na kurukia waliokaa mbele. Watoto wameungua vibaya kwa maonyesho ya namna hiyo. Hawahitaji moto mkubwa, wanahitaji kitu cha kukisia.

Binti Mdadisi: Asante sana kwa somo. Ila nikimwambia mtoto kwamba si oksijeni na akabisha kwa sababu kitabu chake kinasema hivyo, namthibitishiaje bila kubishana naye?

Mtoa somo: Swali zuri sana hili dada. Usibishane, ongeza mishumaa. Glasi ile ile, maji yale yale, mara ya kwanza mshumaa mmoja, mara ya pili mitatu. Waulize kwanza: oksijeni iliyomo kwenye glasi imeongezeka? Watasema hapana, glasi si ni ile ile. Basi maji yapande sawa. Halafu funika, yatapanda zaidi ya mwanzo, kwa kuwa mitatu imepasha hewa nyingi zaidi na nyingi zaidi imetoroka. Wape rula wapime wenyewe. Mtoto akiona hivyo haumwambii kitu tena, na kesho yake anaenda kumuuliza mwalimu wake.

Kijana wa Maabara: Na wakiuliza kitu nisichokijua? Mimi ndio naogopa hapo.

Mtoa somo: Sema "sijui, tufanyeje tujue?" na umaanishe. Liandike ubaoni, likijaribika lijaribuni hapo hapo. Watoto wanapenda kuona mkubwa naye anatafuta.

Mzee wa Vitabu: Niongezee, mshumaa una historia katika hii kazi. Michael Faraday, mwanasayansi wa Uingereza ambaye alianza kama mwanafunzi wa ufundi wa kujalidi vitabu, ndiye aliyeanzisha mihadhara ya Krismasi kwa vijana pale Royal Institution, taasisi ya sayansi iliyoko London, 1825. Baadaye alitoa mfululizo mzima juu ya mshumaa peke yake.

Binti Mdadisi: Mfululizo mzima? Anasema nini muda wote huo?

Mzee wa Vitabu: Mengi. Jaribu hili: zima mshumaa, kamoshi keupe kakiwa bado kanapanda sogeza kiberiti kinachowaka kwenye moshi, usiguse utambi. Moto unaruka na kushuka mpaka kwenye utambi. Ule moshi ni nta iliyogeuka mvuke na kuanza kuganda, ndiyo inayowaka.

Chapchap: Na kama shule haitaki moto kabisa?

Mtoa somo: Sasa umeuliza vizuri. Chukua bakuli la maji, weka kipande cha karatasi laini ya tishu juu, sindano juu ya karatasi, kisha izamishe karatasi taratibu kwa kijiti. Sindano inabaki juu ya maji. Wakisie nini kitatokea ukidondosha tone la sabuni ya maji pembeni, halafu mmoja wao adondoshe. Bakuli lioshwe vizuri kabla, sabuni kidogo tu ikibaki sindano inazama mapema.